Sauti ya Jumatano

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimejisikia nikizungumza na kinywa changu kimefungwa. Nilikuwa nimesimama kwa Mzee Abdulbasit, muuza halua wa hapa Kibokoni, nangoja anipimie, simu yake ikalia. Akaitia sikioni, akaninyanyulia kidole nisubiri, kisha akasema, "Wa aleikum salaam, mwanangu. Sijambo, alhamdulillahi." Alikuwa akiniitikia mimi, nami niko mbele yake.

"Mzee wangu, hiyo ni mashine," nikamwambia. "Nilirekodiwa."

"Najua," akasema. "Lakini salamu huitikiwa."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa kabla ya Ramadhani. Mradi wa Gari la Afya ulikuwa ukiwapigia simu wagonjwa wa sukari na presha kila Jumatano asubuhi, kuwakumbusha dawa na kuwaita kwenye gari, kiwanjani Majengo. Sauti ilikuwa ya msichana wa Nairobi aliyesema kama mtu wa benki. Watu wakikata simu kabla hajafika kati. Ndipo Jeremy, msimamizi wa mradi, alipokuja kwangu. Mimi nimesomesha Kurani watoto wa kike wa mitaa hii tangu ujana wangu. Aliyekuwa hakusoma kwangu, mwanawe alisoma. "Bi Mwanaesha," akasema, "hii sauti yako watu hawataikata."

Maneno niliyatengeneza mwenyewe. Nasalimu, nauliza hali, nangoja kidogo ili mtu ajibu. Nataja na vidonge, cheupe asubuhi, cha manjano usiku. Kisha nasema: kabla hujatawadha, kaa kitako, tazama nyayo zako na baina ya vidole. Ukiona kidonda usikitie majivu wala dawa za watu. Ngojea gari letu, nasi tutakupeleka hospitali wenyewe. Jeremy aliyapenda mno maneno hayo ya udhu. Ni kijana mwenye adabu, anajua kukaa na watu.

Si kama Zilpah, nesi wa gari. Huyo ni mtu wa bara, Vihiga, na mkavu kama samaki wa ng'onda. Leo Bi Mwanakuu wa Majengo, anayeuza mahamri na mbaazi, alipanda garini akaanza kumuuliza hali yake, ya nyumbani, ya wazee. Zilpah akamkata: "Mama, mguu." Nikaona haya kwa niaba yake.

Sindano za sukari walizipata wote. Mawingu yamekaa upande wa Likoni.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Dari la ukumbini linavuja pale pale pa mwaka jana.

Jumatano, 16 Aprili

Bi Mwanakuu ana kidonda. Ni kidogo, chini ya kidole gumba, kama aliyechomwa na mafuta ya mahamri. Yeye mwenyewe hakukisikia. Alikiona alipokaa kutawadha. "Nilikusikiliza, Mwanaesha," akaniambia kwa furaha, kama mtoto aliyehifadhi sura.

Zilpah alikitazama muda mrefu, akakisafisha, akakifunga. Kisha akapiga simu hospitali kubwa, akazungumza na daktari wa miguu ya sukari, akabisha naye mpaka nafasi ikapatikana Jumatano ya tarehe thelathini. Gari litampeleka.

"Hospitali ile siingii," Bi Mwanakuu akasema. "Baba Ruweida, mume wangu, walimkata hapa." Akaonyesha kifundo cha mguu. "Kisha hapa." Goti. "Kisha wakaniita nikamchukue."

Zilpah akasema, "Usipoenda ndiyo utakatwa." Hilo lilimfunga Bi Mwanakuu mdomo kabisa. Ikabidi nimshike mkono, nimwambie kwamba nitakaa naye ndani, kwamba daktari atatazama tu, kwamba sisi ndio tutakaompeleka na sisi ndio tutakaomrudisha. Akanitazama. "Ukiwako wewe, n'takwenda."

Nimerudi nyumbani nimejiona mtu wa maana.

Jumanne, 22 Aprili

Jeremy alituita ofisini, Nyali. Mradi umesimamishwa. Wafadhili huko kwao wamefunga mkono, barua imekuja jana, na gari linarudishwa Nairobi kesho asubuhi. Sote tumepumzishwa. Alisema maneno hayo akiwa amesimama, na chai ya wageni ikiwa mezani, haijamiminwa.

Zilpah akauliza, "Na wagonjwa?"

"Wataarifiwa kwa simu."

"Nani atawaarifu?"

"Mfumo, Sista. Mfumo upo." Akageuka kwangu akatabasamu. "Bi Mwanaesha, kazi yako imekuwa baraka kwetu."

Zilpah akauliza tena juu ya Bi Mwanakuu na tarehe thelathini. Jeremy akasema hospitali itaendelea na utaratibu wake. Nilimwona Zilpah amekaza taya, nikafikiri, huyu mwanamke hata siku ya kuagana hawezi kulainika. Jeremy nilimwombea dua.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua kutwa. Gari limekwenda.

Jumapili, 27 Aprili

Nilitaka kwenda kumwona Bi Mwanakuu, nimpeleke mwenyewe siku ya thelathini. Homa imenishika tangu Ijumaa. Viungo vyote vinauma, hata kuinua birika siwezi. Mtaa mzima una homa hii ya mbu. Nyumba tatu za jirani kuna wagonjwa.

Jumatatu, 5 Mei

Bado nimelala. Kalamu yanichosha mkononi. Tarehe thelathini ilipita sina fahamu ya siku. Nilimpigia Zilpah, akasema alienda Majengo asubuhi ile kumchukua Bi Mwanakuu, akaambiwa na jirani ametoka. Hakumkuta. Nambari ya simu yake hatuna, ilibaki kwenye mfumo. Labda alikwenda hospitali na bintiye.

Labda.

Jumatano, 14 Mei

Naweza kukaa. Mvua haijakatika siku hata moja. Kule Makupa maroli yamekwama barabarani, na Majengo, wasema, maji yameingia majumbani.

Jumatano, 21 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilipata nguvu, nikavaa buibui, nikachukua mwavuli nikaenda Majengo kumtazama Bi Mwanakuu. Nikakata njia kupitia kiwanjani. Kiwanja ni dimbwi tupu, rangi ya chai ya maziwa. Na pembeni, chini ya mabati ya lile duka lililofungwa, watu. Wamejipanga. Wazee wawili na fimbo zao, wanawake wamejifunika leso kichwani, mmoja amebeba kitabu chake cha kliniki ndani ya mfuko wa plastiki. Nikawajua wote. Ni watu wa gari.

"Mwangoja nini?" nikauliza.

Wakacheka kidogo. "Si wewe uliyetuita?" mama mmoja akasema. "Watwita kila Jumatano. Gari laja lini, mwalimu? Twakaa hapa mpaka adhuhuri, kisha twarudi."

Nikamwomba simu yake. Simu ya mradi ilikuwa imeingia asubuhi hiyo hiyo. Hakuna aliyewaarifu kitu. Gari limekwenda, nesi hayupo, Jeremy amekwenda, na mimi nimebaki mle ndani ya simu nawasalimu, nawauliza wameamkaje, nawaambia wangojee. Kila Jumatano tangu lile gari lilipoondoka.

Nilisimama mbele yao mvuani nikawaambia hakuna gari, halitakuja, nendeni zahanati. Zahanati wamekwenda, wakaniambia, sindano zimekwisha, wameambiwa wajaribu mwezi ujao. Ndiyo maana wanangoja.

Kisha nikamwona Bi Mwanakuu. Alikuwa ameketi nyuma yao juu ya kreti la soda, amegeukia ukuta. Mguu ameutia ndani ya mfuko wa plastiki, ameufunga na uzi. Kabla sijamfikia nilisikia harufu.

"Mwanangu," akasema, "umekuja. Niliwaambia atakuja."

"Bi Mwanakuu, tarehe thelathini hukwenda hospitali?"

"Nilikuwa hapa. Ulinipigia asubuhi, ukanambia ngojea gari. N'kangoja." Alisema bila lawama yoyote. Alikuwa akinieleza tu. "Ruweida akaniambia twende na tuktuk. N'kamwambia Mwanaesha amesema tungoje, watatupeleka wenyewe. Akataka kunipaka asali, n'kamkataza. Umesema tusitie dawa za watu."

Kumbe asubuhi ile Zilpah anamgongea mlango, yeye yuko huku kiwanjani, hatua chache tu, kwa ajili yangu.

Ruweida alitoka uchochoroni na kikombe cha uji. Ni binti yake wa pekee, nilimsomesha mimi, alikuwa na herufi nzuri kuliko wote darasani. Aliponiona hakunisalimu. Alimnywesha mamake uji kijiko baada ya kijiko, kisha akasema bila kunitazama, "Mwalimu, mimi nimelia, nimepiga magoti. Nikimwambia neno, yeye ananijibu kwa neno lako."

Nikampigia Zilpah. Amehamia chumba kimoja huko Mshomoroni, hana kazi. Alifika amelowa mpaka kiunoni, na glavu na bendeji zake mwenyewe ndani ya mfuko wa soko. Alikata ule uzi, akafungua plastiki. Mara ya kwanza kumwona macho yake yamejaa maji, akayapangusa kwa bega kwa sababu mikono ina kazi.

"Mama," akamwambia Bi Mwanakuu, taratibu kabisa, "habari ya nyumbani? Wazee hawajambo?"

"Hawajambo, mwanangu," Bi Mwanakuu akasema. "Wakusalimu."

Tukampakia kwenye tuktuk. Maji yalikuwa yakiingia chini ya miguu yetu njia nzima.

Alhamisi, 22 Mei

Amelazwa. Daktari asema sumu imepanda, nyama imekufa mpaka juu ya kifundo. Lazima mguu ukatwe chini ya goti, na upesi. Angekuja mwezi uliopita, asema, kingekuwa kidonda cha kusafishwa.

Nimepiga simu ya Jeremy mpaka betri imekwisha. Haipatikani. Nimekwenda Nyali. Lango lina kufuli mpya, na bawabu, Karisa, amekaa ndani na redio yake. Ofisi wamekodi watu wa saruji, akasema. "Hata mimi, mama, nawatafuta wanilipe. Nao wasije wakanisahau."

Nambari inayopiga zile simu nilijaribu kuipigia. Msichana mmoja huko Nairobi akapokea, mpole kweli. Nikamweleza. Akaniambia mteja wao ni mradi, si mimi. Kazi imekwisha agizwa mpaka tarehe ishirini na tano Julai, na hawawezi kuizima bila neno la mteja.

"Lakini ni sauti yangu," nikasema.

"Naelewa, mama. Naisikia."

Jumamosi, 24 Mei

Bi Mwanakuu amekataa.

Daktari alijaribu. Zilpah alijaribu, amekaa ukingoni mwa kitanda tangu alfajiri, na huyu ndiye niliyemwita mkavu. Ruweida amelia mpaka amenyamaza. Mwishoni wakanitazama mimi. Mimi ndiye mwenye sauti.

Nikamshika mkono kama nilivyomshika siku ile ya gari. Nikamwambia, "Bi Mwanakuu, kubali. Mguu si roho. Utakaa, utapika mahamri yako umeketi, Ruweida atasukuma. Mungu hakutaka mja wake ajitupe kwenye maangamizi." Nikamsomea aya. Nikamwambia nitakaa naye ndani.

Alikuwa amefumba macho. Nikafikiri amelala. Kisha akasema, "Ni wewe usemaye, ama ni simu?"

"Ni mimi, Bi Mwanakuu. Ni mimi Mwanaesha."

"Na zile siku nyengine hakuwa wewe?"

Nikamfunika bega kwa shuka.

"Sina hasira nawe, mwanangu," akasema. "Uliniambia ningoje, n'kangoja. Sasa waniambia nikatwe. Sijui tena nikusikilize lini." Akageukia upande wa pili. "Mguu huu nimezaliwa nao. Nipelekeni nyumbani."

Nilitoka nje kwenye ukumbi wa hospitali. Miaka yote hii watu walininyamazia nikisema; hata wanawake wakorofi wa harusini wakininyamazia. Nilidhani hiyo ilikuwa mali yangu. Kumbe ilikuwa amana yao, na mimi nimeikabidhi kwa mtu aliyefunga lango akaenda.

Jumapili, 25 Mei

Amerudishwa Majengo. Zilpah huja asubuhi na jioni kumfunga. Dawa za maumivu daktari mmoja alitupatia kwa huruma.

Jumatano, 28 Mei

Nimekwenda kiwanjani mapema kuliko simu, nikasimama pale gari lilipokuwa likisimama. Nimeamua kila Jumatano nitakuwa hapo mpaka kile kitu kinyamaze. Kila aliyekuja nikamwambia arudi, gari hakuna. Wengine wakanishukuru, wengine wakasonya. Mama mmoja akasema, "Basi acha kutupigia!" Nikamwambia si mimi. Akasema, "Ni nani, basi, mamako?"

Mzee mmoja kutoka nyuma ya soko, macho yake yameingia mtoto wa jicho, hanioni vizuri, alikataa kabisa kuondoka. "Wewe waniambia gari haliji," akasema. "Bi Mwanaesha ameniambia laja."

"Mzee, mimi ndiye Bi Mwanaesha."

Akatega sikio. Sauti yangu imekwaruza kwa homa na kwa kilio. Akatikisa kichwa. "Yule ana adabu. Yule husalimu kwanza."

Nikamsalimu. Hakuitikia.

Jumamosi, 31 Mei

Hali yake mbaya. Anaita watu waliokufa. Mvua inapungua, jua linatoka na mvuke wa matope unapanda mpaka chumbani alimolala.

Jumanne, 3 Juni

Bi Mwanakuu amefariki leo baada ya alfajiri. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Ruweida alisita kunipa kata ya maji, kisha akanipa. Tulipofika mguuni tulikwenda taratibu, kama kwamba ataumia. Zilpah alikaa nje mlangoni, kwenye ngazi, leso kichwani, kwa kuwa si wa dini yetu na hakutaka kuingia bila kuitwa. Nikamwambia mama mmoja ampelekee kiti. Hakukikalia. Alikaa chini mpaka jeneza likatoka.

Amezikwa baada ya adhuhuri.

Jumatano, 4 Juni

Leo sikwenda kiwanjani. Nilikuwa matangani, nimesahau ni siku gani.

Wanawake tulikuwa chumbani tumejaa, tumemaliza juzuu za Kurani, mtu anagawa kahawa. Simu ya marehemu ilikuwa dirishani juu ya sinia la mahamri lililofunikwa. Ikalia. Ruweida akaipokea haraka, akidhani ni jamaa wa Lamu waliokuwa hawajapata habari. Alikuwa ameiweka kwa sauti ya juu ili wote wasikie.

"Salaam aleikum. Ni mimi Mwanaesha wa Kibokoni. Hujambo? Umeamkaje leo?"

Halafu ule unyamavu. Ule niliouweka mimi, ili mtu apate kujibu.

Wanawake wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeketi kwenye jamvi, kikombe mkononi. Ile sauti ikaendelea, laini, yenye upendo: kaa kitako, mpenzi wangu, tazama nyayo zako. Niliomba Ruweida aikate. Hakuikata. Aliishikilia kifuani mpaka mwisho, mpaka pale pa "ngojea gari letu," mpaka pale pa kuaga. Kisha akaizima, akairudisha dirishani, akainama akakusanya vikombe.

Afadhali wangenitukana. Mama mmoja jirani alinisogezea mto wa kuegemea, nikasimama nikaondoka.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Sikutoka.

Jumatano, 18 Juni

Kiwanjani. Wamekuja wachache. Mvua imekwisha, matope yamekauka yamepasuka. Yule mama aliyenitukana siku ya kwanza leo amenipa nusu ya muhogo wake, tukala pamoja tumesimama. Bado hana sindano. Mkojo, asema, wavutia sisimizi.

Jumatano, 25 Juni

Kiwanjani. Mmoja wa wale wazee wawili wa fimbo haonekani. Mwenzake hajui yuko wapi.

Jumapili, 29 Juni

Zilpah amekuja kuniaga. Anarudi kwao Vihiga. Hapa hana kazi na kodi ya chumba imemshinda. Tulikaa barazani kwangu, akanywa kahawa chungu bila kukunja uso, jambo ambalo wageni wengi hawaliwezi. Tangu mazishi alikuwa akizunguka kwa miguu kwa wagonjwa wake wa Majengo, akibisha hodi kwenye maduka ya dawa, akiomba vichupa vilivyobaki. Sikujua. Hakumwambia mtu.

Nikamwambia, "Sista, mimi nilikuona huna utu. Nisamehe."

"Mimi pia nilikuona unapenda kusikika," akasema. Hakuwa akitania.

Kisha akaniambia jambo ambalo limenikaa. Alisema pale garini hakuwa na muda wa kusalimu watu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na saa za gari ni chache. Kila salamu aliyoijibu ilikuwa mguu mmoja usiotazamwa. "Nilifikiri salamu wewe unazitosheleza, mimi nitazame miguu," akasema. "Tulikuwa mtu mmoja, Bi Mwanaesha. Wakamchukua nusu."

Nilimsindikiza mpaka stesheni ya basi. Aliponiaga aliuliza hali ya nyumbani kwangu, mmoja mmoja.

Alhamisi, 10 Julai

Jeremy amepiga. Nambari ngeni. Nilipoijua sauti yake nikafunga mlango.

Nilimwambia yote, kuanzia kreti la soda mpaka matangani.

"Sikujua, mama," akasema. "Wallahi sikujua." Mkristo, anaapa kiapo changu. "Siku ile ile niliyowafuta ninyi, na mimi nilifutwa. Nilizimiwa kila kitu mchana. Niliamini kuna mtu Nairobi aliyebaki."

"Hukuwa na simu ya kuniambia?"

"Niliona haya." Akakohoa. "Ninakaa kwa dadangu sasa, Kisumu."

Nilikuwa nimemtayarishia maneno makali tangu Mei. Nikayatafuta, nikamkuta upande wa pili si yule kijana wa chai na tabasamu. Ni mtu aliyekimbia, basi. Nikamwuliza kama anaweza kuzizima zile simu. Hawezi, jina lake halitambuliki tena kule.

Halafu, sijui kwa nini, labda alitaka kunipa zawadi, akasema, "Katika miji yote ya mradi, mama, watu wako ndio waliosikiliza mpaka mwisho. Kwengine hukata. Wako hawakukata hata kidogo."

Nikakata mimi.

Jumatano, 16 Julai

Kiwanjani. Upepo wa kusi, baridi.

Jumatano, 23 Julai

Kiwanjani.

Jumatano, 30 Julai

Nilikaa mpaka adhuhuri. Hakuja mtu. Nilijua kabla sijaambiwa, lakini niliporudi nikapita kwa Mzee Abdulbasit.

"Leo hukunipigia," akasema. Alikuwa akikoroga sufuria, mgongo amenipa. "Nimekaa na simu tangu alfajiri."

"Zimekwisha, mzee wangu. Ni bora."

"Bora kwa nani?" Akageuka. "Mimi macho yangu hayasomi vichupa. Ulikuwa ukiniambia cheupe asubuhi, cha manjano usiku. Sasa sijui nimekunywa kipi."

Nikaingia ndani nikatazama vichupa vyake. Vyote viwili vilikuwa vitupu. Alikuwa akivifungua kila Jumatano, akinisikiliza, akivifunga. Nikamwambia kesho nitampeleka hospitali. Akasema kesho ana karamu ya watu, halua ya harusi. Nikasema kesho kutwa. Akasema Ijumaa haendi popote. Nikasema basi Jumamosi. Akarudi kukoroga sufuria yake.

Jumamosi, 2 Agosti

Nilikwenda kumchukua Mzee Abdulbasit asubuhi. Duka limefungwa. Jirani yake akasema amekwenda kwa mwanawe Malindi, kupumzika.

Alasiri Ruweida alikuja. Tangu matanga hajakanyaga kwangu. Alikataa kuingia, akakaa kwenye kizingiti, buibui amelikusanya magotini, na simu ya mamake mkononi. Nikampa chai, akaiweka sakafuni.

"Jumatano haikulia," akasema.

"Zimezimwa."

"Nilikuwa nikiingoja." Alisema kama mtu anayekiri jambo la aibu. "Nikiichukia, na nikiingoja. Ilikuwa kitu cha mwisho kinachomtafuta mama."

Jirani alikuwa akitwanga.

"Nimetafuta humu ndani," Ruweida akasema, akiifungua simu, akiifunga. "Nilidhani nitapata sauti yake, hata kidogo. Hakujua kutuma sauti. Hakujirekodi hata siku moja. Sauti yako imo, mwalimu. Ya mama haimo." Akaninyanyulia macho. Ni mara ya kwanza tangu Mei. "Nimeanza kuisahau. Mimi mwanawe. Usiku naitafuta, yaja yako."

Nikafunika uso kwa mikono.

"Wewe wajua kuiga sauti," akasema. "Chuoni, ukitusomesha Kurani, ulikuwa ukituiga sote, tukicheka. Nisemee kama yeye. Neno moja tu. Alivyokuwa akiniita asubuhi, mahamri yakiwa tayari."

Namjua Bi Mwanakuu tangu nilipokuwa mwali. Najua alivyovuta jina la bintiye, alivyolipandisha mwishoni. Nilivuta pumzi. Nikafungua kinywa, na Ruweida akafumba macho kungoja.

Sauti ya Bi Mwanakuu haikutoka.